Kabla ya Mtalii, Jirani

Magari ya watalii hupita Embu, Runyenjes na Nkubu mwaka mzima. Baadhi yanaelekea Mbuga ya Taifa ya Meru, mengine yamebeba watu wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria. Machache mno husimama. Abiria wake wameshalipia chakula na kitanda, na kinyago cha kupeleka nyumbani watakinunua Nairobi siku ya kuondoka. Hakuna fundi wa eneo letu asiyejua hayo. Hata hivyo, nenda kwenye soko lolote la siku moja la kazi za mikono, liwe uwanjani pa kanisa au shuleni, utazame kilichopangwa mezani: twiga wa mbao, bangili za rangi za bendera, ngao ndogo ya kutundika ukutani, kiondo kikubwa kilichoandikwa "Kenya". Wanaopita mbele ya meza ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi aliyetoka zamu, na mkulima wa kahawa na bintiye. Wote wanajua kwamba wako Kenya.

Makala haya namwandikia fundi anayesuka, anayefuma, anayechonga, anayekata matairi au kukunja mabati, na ambaye mwaka huu amepania kutoa meza kwenye soko la namna hiyo. Rai yangu ni moja: tengeneza kitu ambacho jirani yako atakitumia Jumatatu asubuhi, kisha bei, siku, meza na ahadi zako zimfuate huyo jirani. Mtalii akitokea auziwe kama mtu mwingine yeyote.

Anza kwa kuitembelea kwa macho nyumba ya kawaida ya Manyatta au Imenti ya Kati. Sebuleni kuna makochi, na juu ya makochi kuna vitambaa vya kufuma. Vijana huvicheka, lakini waulize mama zao kama wageni wa kuja kuposa wanaweza kukaribishwa kwenye kochi tupu. Seti nzima ya kochi na meza ni kazi ya pesa za maana, na huchakaa, kwa hiyo hununuliwa tena. Jikoni kuna chapati za Jumapili zilizofunikwa kwa sahani hadi zikalowa jasho. Kikapu kipana cha katani chenye mfuniko, na kitambaa ndani, huziweka na joto lake bila kuzilowesha. Kuna chupa ya chai inayoacha duara juu ya meza, na sufuria yenye masizi isiyo na pa kukaa. Nyuma ya nyumba kuna ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni na mtu aliyekalia ndoo iliyopinduliwa. Kiti kifupi cha miguu mitatu husimama imara hata sakafu ya zizi ikiwa na mabonde, ilhali cha miguu minne huyumba. Waliochonga miguu mitatu zamani walikuwa na sababu.

Panda juu kidogo hadi ukanda wa chai. Majani mabichi yakishindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuanza kuharibika kabla ya kufika kiwandani, na ndiyo maana mchumaji hubeba kikapu mgongoni. Kikapu hicho hunyeshewa, huburutwa, hukaliwa, na mwishowe kitako huachia. Lazima kinunuliwe kingine. Fundi anayevisuka kwa fito, au kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia makatoni ya madukani, ana wateja wanaorudi bila kutangaziwa chochote. Lakini siku ya soko la kazi za mikono utakuta vikapu hivyo vimesukumwa nyuma ya meza, au vimeachwa nyumbani kabisa, kana kwamba kitu cha shamba hakistahili kuitwa sanaa. Mimi ningeviweka mbele.

Jirani si lazima awe wa ua wa pili. Chini Mbeere na Tharaka, mkonge hukua kando ya mashamba na kwenye nyua za maboma, na kina mama wanajua kuchuna katani na kuisokota pajani tangu utotoni. Huko kiondo ni kitu cha kila nyumba na anayekihitaji hukisuka au humpata shangazi wa kumsukia. Juu kwenye baridi, ambako ardhi yote imepandwa chai, kahawa na migomba, katani ni ya kutafutwa. Kiondo cha Siakago, huko Mbeere, kinapata bei nzuri zaidi kikipanda matatu kwenda Embu mjini au Runyenjes. Vivyo hivyo mizinga ya magogo ya Tharaka: mkulima wa Nkubu mwenye miparachichi anawahitaji nyuki, lakini hana mtu wa karibu wa kumchongea.

Nimetaja mikanda ya makatoni, basi nizungumzie vitu vilivyotengenezwa kwa kilichotupwa, kwa sababu hapo kuna hofu nyingi zisizo na msingi na chache zenye msingi. Hofu isiyo na msingi ni kwamba watu wetu hawanunui takataka. Tazama sokoni Gakoromone. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, ambalo lilianza maisha kama mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Jiko la makaa limekunjwa kutoka kwa bati la pipa. Akala zimekatwa kutoka kwa tairi la lori, na wachungaji wa kaskazini ya Meru huzipenda kuliko viatu vya dukani kwa sababu mwiba wa mgunga hauzipenyi kwa urahisi. Hakuna anayesimama mbele ya jiko akasema ni takataka. Kitu kikifanya kazi yake vizuri, watu husahau kilikotoka.

Shida huwa kwenye umaliziaji. Mfuko wa suruali kuukuu za jinzi ambao uzi wake unaning'inia, ambao ndani haukutiwa bitana, utaitwa mtumba hata ukiusifu vipi. Utie bitana ya kitenge, upige mishono miwili kwenye mikono, uoshe na kupiga pasi, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu ataubeba akijivuna. Zulia la kufutia miguu lililosukwa kwa vipande kutoka kwa mafundi cherehani wa sare za shule linapaswa kuwa na rangi zilizopangwa, si zilizookotwa. Ukiwaomba mafundi hao wakutengee kijani peke yake na buluu peke yake, wengi watakubali, maana unawapunguzia taka. Maganda makavu ya mgomba, ambayo Imenti Kusini hayaishi, yanatengeneza vikapu na vifuniko vizuri, lakini yakianikwa nusunusu huota ukungu ndani ya wiki chache, na anayekuja kukulalamikia ni mtu mtakayekutana naye kila Jumapili. Anika hadi ganda litoe sauti kavu ukilikunja.

Sasa hofu zenye msingi. Mkebe au mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia nyanya, kahawa au miraa usiguse, hata ukioshwa mara kumi, hata uwe wa kupandia maua tu. Mtoto atauokota siku moja na kutekea maji. Vyungu na sufuria zilizosubuliwa kwa alumini chakavu, hasa za vipuri vya injini, zinaweza kuwa na madini ya risasi yanayoingia kwenye chakula. Ziuze kama vyombo vya maua na useme hivyo waziwazi. Na kwa wanaotengeneza ngoma na mavazi ya wachezaji: ngozi ya mbega, miiba ya nungunungu na manyoya ya ndege wa porini ni nyara za wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuziuza bila kibali hata kama ulizikuta kwa babu. Ngozi ya mbuzi inatoa sauti nzuri na haitakupeleka mahakamani.

Wachongaji, neno moja tu. Mti mbichi humaliza urafiki. Stuli ya mukima iliyochongwa wiki iliyopita itapasuka kwenye sebule ya mnunuzi kabla ya Krismasi, na atakuonyesha ufa huo kila mkikutana. Kausha kivulini, ncha ukizipaka nta au rangi ili zisikauke kabla ya katikati.

Bei ndiyo inayoua kazi nyingi nzuri. Mafundi wengi hupiga hesabu ya vifaa, huongeza mia mbili au tatu, kisha huita hiyo faida. Ukiuliza siku walizokaa wakisuka zimeenda wapi, utaambiwa, "Huo ni wakati wangu." Wakati wako una bei, na bei hiyo inajulikana kijijini kote: ni kibarua cha shamba.

Tuchukulie mfano. Kiondo cha wastani kimekula katani na rangi ya shilingi 250 na mikanda ya ngozi ya 300. Nauli na ada ya meza, ukizigawa kwa kila kitu ulichobeba, tuseme ni 100. Hizo ni 650. Kusokota, kusuka na kumalizia ukingo kumechukua saa 20. Ikiwa kwenu kibarua hulipwa shilingi 480 kwa saa sita, saa moja ni shilingi 80, na saa 20 ni 1,600. Kiondo hicho kimekugharimu 2,250 kabla ya faida yoyote. Ukikitoa kwa 1,200, kama wengi wanavyofanya, ondoa zile 650 za vifaa, nauli na meza. Unabaki na 550, yaani chini ya shilingi 28 kwa saa. Jirani amepata kiondo, na pia amekuajiri kwa karibu theluthi ya malipo ya mtu wa kupalilia. Bora ungekwenda kupalilia. Weka takwimu za kwenu mahali pa zangu, lakini fanya hesabu hiyo kwa kalamu, usiku, kabla ya kubandika bei yoyote.

Najua jibu litakalokuja: hakuna mtu wa hapa atakayetoa 2,250 kwa kiondo. Siku ya kawaida, ni kweli. Lakini kuna siku zisizo za kawaida. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, haiendi na mifuko ya karatasi. Kina mama wa upande mmoja wanapowatembelea wa upande wa pili, wanataka vyondo vinavyofanana, vilivyosukwa vizuri, na watu hupiga picha. Familia inayoandaa siku hiyo haitafuti cha bei ya chini kabisa, inatafuta kumi vya rangi moja kabla ya tarehe fulani. Hao ndio wateja wa kiondo chako cha 2,250, na hawakipati kwa kupita mezani, bali kwa oda. Kwa hiyo kiondo hicho mezani ni sampuli. Kiambatishe karatasi yenye bei kamili na muda unaohitaji, usikishushe. Wapo pia ambao hawataki kununua kabisa, wanataka vyondo, vibuyu na viti vya jadi vya kupamba hema kwa siku moja. Wakodishie. Seti moja nzuri ya kukodisha inaweza kukulipa mara nyingi ikiwa unachukua amana ya kutosha na kuvihesabu vyote vinaporudi.

Kwa siku ya soko yenyewe, punguza saa badala ya kupunguza bei. Kile kikapu cha chapati, tuseme, kinakula vifaa vya 120, saa nne na mgao wa nauli na meza wa 60: jumla 500. Kiuze 600. Mwalimu anaweza kutoa 600 bila kumpigia mumewe simu, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo mipaka ya meza ya uwanja wa kanisa. Chini yake weka vitu vya 200 na 100, kama vya kuwekea chupa ya chai, vya kushikia sufuria ya moto, vishikio vya funguo vilivyokatwa kutoka kwa mabaki ya ngozi ya mikanda. Na usiwasahau watoto. Baada ya ibada hutembea wawili wawili wakiwa na sarafu za ishirini, na mtoto aliyesimama mezani kwako kwa dakika tano atamleta mama yake.

Kupatana bei usikuchukulie kama dharau. Kwetu ni sehemu ya salamu. Mteja akisema, "Mama, niuzie na mia nne," hajatukana kazi yako, ameanzisha mazungumzo. Kosa ni kushuka bila sababu. Ukishuka kutoka 600 hadi 450 kwa sababu tu ameguna, umemfundisha kwamba 600 ilikuwa uongo, na atawaeleza wenzake. Shuka kwa kubadilishana: "Chukua viwili nikufanyie elfu moja na mia moja." Au ongeza kidogo badala ya kupunguza: "Bei ni hiyo, lakini nitakuwekea cha kushikia sufuria." Kwa hesabu ya juu, hata elfu moja na mia moja kwa viwili inakuachia saa zako zote nane na shilingi mia ya faida. Ukiijua hesabu, hutatetemeka.

Hasara ya kumuuzia jirani ni kwamba ni jirani. Mtalii hawezi kukuambia, "Si unajua nitakulipa mwisho wa mwezi." Mwanachama mwenzako wa chama anaweza, na shemeji yako anaweza, na mama mchungaji anaweza, tena mbele ya watu. Hakuna sehemu ya biashara hii inayowaumiza mafundi wetu kama hiyo, na sijui mtu aliyeitatua kwa ukali. Kinachosaidia ni kuamua mapema, nyumbani, ukiwa umetulia: vitu vingapi utavitoa kwa mkopo siku hiyo (viwili, au hata sifuri), na jamaa watapata punguzo gani. Halafu yaandike hayo. Karatasi iliyobandikwa mezani yenye maneno "Oda hulipwa nusu kwanza" humkatalia mtu kwa niaba yako, bila ninyi wawili kutazamana vibaya. Mkopo ukitoka, jina, kiasi na tarehe viingie kitabuni mbele yake, na aone unaandika. Kuhusu mama mchungaji, ukitaka kumpa zawadi mpe zawadi kamili, mbele ya wote, na uihesabu kama gharama ya matangazo.

Matangazo yenyewe, nikiwa hapo: hakuna bango wala mtandao wa simu unaoshinda dakika moja ya matangazo ya kanisa kabla ya baraka za mwisho. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule huja karibu, mradi utume picha moja nzuri iliyopigwa nje kwenye mwanga wa asubuhi, si picha kumi na mbili za gizani.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kufuata pesa na mvua, na kwa bahati mbaya hivyo viwili havipatani. Kwenye ukanda wa chai, bonasi ya shirika la chai la KTDA huingia karibu na Oktoba, na ndipo watu wanunuapo viti, vitambaa vya kochi na vitu vya nyumba ambavyo vimesubiri mwaka mzima. Lakini mvua za vuli nazo huanza Oktoba. Basi tafuta ukumbi au hema la kweli, na ulitafute mapema, au sogeza soko liwe wiki ya kwanza tu pesa zinapotua. Kwa upande wa kahawa, muulize katibu wa chama cha ushirika ni lini malipo yatatoka. Ratiba hutofautiana kutoka chama hadi chama. Igembe ni habari nyingine. Pesa ya miraa huzunguka karibu kila siku, lakini masoko ya mbali yakifungwa, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 2014 na Somalia mwaka 2020, kila meza mjini Maua huhisi. Mbeere wameonja hali hiyo na muguka, kaunti kadhaa za Pwani zilipoipiga marufuku mwaka 2024. Usiweke akiba yako yote kwenye bidhaa za kuuza sehemu inayotegemea zao moja. Desemba wana wa nyumbani wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa na wanataka kuonekana wamenunua kitu cha nyumbani. Hapo hata twiga wako wa mbao anaweza kuondoka. Njaanuari kaa usuke.

Maonyesho ya kilimo ya ASK, kama yale ya uwanja wa Gitoro huko Meru, yana umati mkubwa ambao huwezi kuupata penginepo. Hata hivyo, wengi wameshalipa kiingilio, wamebeba watoto, na wana saa nane za kutembea; hawataki kubeba stuli. Ningekwenda huko na sampuli chache, kitabu cha oda na kadi zenye nambari ya simu, si na gari zima la mizigo.

Wanaoandaa soko la mtaa nao wana wajibu wao. Meza kumi za shanga ni meza moja yenye wauzaji kumi wanaochukiana. Andikisheni kwa aina ya kazi, na mkisha kupata wawili wa aina moja mfunge mlango wa aina hiyo. Tozeni ada ndogo isiyobadilika kwa kila meza; asilimia ya mauzo inaonekana ya haki, lakini humfanya kila mtu afiche alichouza. Ulizeni mapema ofisi ya mapato ya kaunti kama kuna ushuru wa siku, hata mkiwa kwenye kiwanja cha kanisa, ili karani asitokee saa nne asubuhi na risiti. Chai na mandazi viwe katikati ya uwanja, si langoni, kusudi watu wapite mezani wakivifuata. Tena mwangalie ratiba ya mazishi na harambee za kata. Kijiji hakiwezi kuwa mahali pawili.

Mnada wa kanisa msiuchanganye na soko. Kwenye mnada ndizi huuzwa elfu tatu kwa sababu watu wanamtolea Mungu, na wengine wanashindana. Fundi aliyeona kiondo chake kikifika elfu tano siku ya mavuno, kisha akabandika elfu tano Jumamosi iliyofuata, atakaa nacho hadi mavuno mengine.

Kuhusu malipo, nitapita haraka. Tenganisha pesa za kazi na za nyumbani kwa Pochi la Biashara au nambari ya Till, andika nambari kwa herufi kubwa kwenye kadibodi, na usikabidhi kitu hadi ujumbe uingie kwenye simu yako mwenyewe, si ule unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Beba chenji ya sarafu na noti za hamsini.

Kuigwa kutakusumbua. Kikapu chako cha chapati kikiuzika Juni, Agosti kitakuwa kwenye meza nne. Huwezi kuzuia mtu kusuka kikapu, na si vizuri kujaribu. Unachoweza kufanya ni kushona alama ndogo ya jina lako au la kikundi chenu ndani ya ukingo. Wasusi wa Taita walipiga hatua zaidi wakawa na alama ya pamoja ya kikapu cha Taita iliyosajiliwa katika KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kwa hiyo kikundi ndicho kinachosema nani anaruhusiwa kuitumia na kwa ubora gani. Vikundi vya Mbeere na Tharaka vina kazi inayotosha kufikiria jambo hilo. Wanaodhani majina hayaibwi wakumbuke kikoi: katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno hilo kama alama yake ya biashara huko, hadi ombi likapingwa kutoka Kenya na kuachwa.

Jioni, kabla ya kufunga mizigo, andika vitu vya namna mbili: vilivyonunuliwa, na vilivyoshikwa mara nyingi kisha vikarudishwa mezani. Hivi vya pili vina habari zaidi. Kitu kilichoshikwa na watu ishirini na kisichonunuliwa kina kasoro moja tu, mara nyingi bei, ukubwa au rangi, na yafaa uwaulize watu wawili au watatu pale pale. Kile ambacho hakuna aliyekigusa achana nacho, hata kama kilikuchukua wiki.

Na utengeneze, tangu siku ya kwanza, utaratibu wa matengenezo. Mtalii akishafika kwao, mkanda wa kiondo ukikatika ni shauri lake. Jirani atakuletea. Wengi huona haya kukutana na kazi yao ikiwa imechakaa, hujifanya hawana nafasi, na mteja hununua mfuko wa dukani. Njoo na sindano, uzi, vipande vya ngozi na gundi, weka kiti pembeni ya meza, na uandike: "Tunarekebisha: mkanda shilingi 150, kitako kwa mapatano." Utajifunza kwa mikono yako ni sehemu gani ya kazi yako huachia kwanza, na anayengoja mkanda wake kwa nusu saa hana la kufanya ila kutazama meza. Ukiona vitako vitatu mfululizo vya kikapu cha chai vimeachia mahali pamoja, badilisha namna unavyoanza kusuka kabla hujauza cha nne.